Mtu wa kawaida na tanzia: Willy Loman ni shujaa, au ni wa kuhurumiwa tu?

Bin_Kibokoni (mwenye uzi)

Wana baraza, assalaam aleikum. Mtu wa kawaida, mtu wa mshahara na kodi ya nyumba, aweza kuwa shujaa wa tanzia, yaani mchezo wa anguko la kuhuzunisha? Jibu langu nalitoa mapema ili mnipige mawe mkijua mwapiga wapi: hawezi.

Mfano ni Willy Loman, yule muuza bidhaa wa kuzunguka katika Death of a Salesman ya Arthur Miller. Tamthilia ilifunguliwa New York Februari 1949, ikachukua tuzo ya Pulitzer mwaka uo huo, na hadi leo ukizungumza habari ya mtu wa kawaida kwenye tanzia, huyu ndiye wa kwanza kutajwa. Ana miaka 63. Ameiuzia kampuni moja bidhaa zaidi ya miaka 30, gari sasa lamshinda, akili yachanganya jana na leo, na wanawe wawili wa kiume hawajawa watu. Mwisho ajiua kwa gari ili mkewe na wanawe walipwe bima ya maisha yake, dola 20,000. Yasikitisha? Sana. Lakini kila lisikitishalo ni tanzia?

Hoja yangu si ya nasaba. Sisemi lazima awe mfalme. Nasema shujaa akianguka, kuna kitu cha watu wote kinachoanguka naye. Oedipus, yule mfalme wa mchezo wa kale wa Kiyunani aliyemuua babake na kumwoa mamake bila kujua, ana doa, mji mzima wa Thebes wapigwa na tauni. Tuje kwetu. Fumo Liyongo alipochomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, alikwenda kisimani akapiga goti, upinde mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wamwona, wadhani yu hai, hapana aliyethubutu kusogea kuteka maji. Mji umekaa na kiu kwa ajili ya maiti ya mtu mmoja! Hiyo ndiyo tanzia, maisha ya wote yamefungamana na yake.

Willy alikuwa akijigamba kwamba siku akifa wauzaji wenzake watamiminika kutoka majimbo mbalimbali. Mazikoni wakaja mkewe, wanawe wawili, jirani na mwana wa jirani. Basi. Hapana kisima kilichofungwa. Kesho yake Brooklyn, mtaa wake huko New York, ikaamka ikaenda kazini.

HamaliWaMarikiti

Watu watano? Mimi mwenye mkokoteni nikifa, Bondeni yote itajaa. Nusu yao watakuwa wamekuja kwa sababu wananidai, lakini watakuja.

MwalimuWaTudor

Bin Kibokoni, swali zuri, ila umelikimbilia jibu.

Tuanze na Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani, maana ndiye kila mtu humtupia mwenzake. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamekariri kwamba shujaa wa tanzia ni mtu wa tabaka la juu mwenye dosari moja, basi wakipewa tamthilia yoyote wanamkagua mhusika mkuu kutafuta dosari kama mganga atafutaye jini. Lazima liwepo, la sivyo mganga halipwi. Aristotle alisema kweli kwamba mtu huyo awe mwenye jina na neema, akawataja kina Oedipus na Thyestes; asiwe mwema kupindukia wala muovu, na aanguke kwa kukosea. Lakini ni huyo huyo aliyesema kwamba roho ya tanzia ni msuko wa matukio, wahusika wanakuja baadaye. Ukishakubali hilo, kazi yako ni kuangalia mtu anavyoanguka, wala hujali sana ameanguka kutoka ghorofa ya ngapi. Mzee alikuwa akieleza michezo aliyoijua Athens karne ya nne kabla ya Masihi, ambako visa vilizunguka nyumba chache za kifalme. Hakuwa na habari na Brooklyn.

Miller alijua ataulizwa. Tarehe 27 Februari 1949, mchezo ukiwa haujatimiza hata mwezi jukwaani, gazeti la New York Times lilichapisha makala yake, Tragedy and the Common Man. Humo anadai mtu wa kawaida anafaa tanzia sawasawa na mfalme. Kinachotuamsha, kwa maoni yake, ni kumwona mtu aliye tayari kutoa uhai wake apate kitu kimoja tu: heshima ya utu wake. Tena ana hoja ya kijanja. Madaktari wa akili wa zama zake walikuwa wakieleza maradhi ya watu wote kwa majina ya Oedipus na Orestes, watu wa michezo ya kale ya kifalme. Ikiwa ugonjwa wa mfalme ndio ugonjwa wa karani, kwa nini anguko lake lisiwe la karani?

Sasa Willy. Wengi hukumbuka pale kwa Howard, bosi kijana. Willy ameenda kuomba asisafirishwe tena, apewe kazi ya mjini. Howard anamchezea mashine yake mpya ya kunasa sauti, mwanawe mdogo anataja miji mikuu ya majimbo. Mzee anaomba dola 65 kwa wiki. Anashuka hadi 50. Anashuka hadi 40. Anafukuzwa. Hapo watazamaji hulia, na wana haki. Lakini nikiachiwa mimi, tanzia haiko hapo. Hapo pana dhuluma, na dhuluma peke yake haimfanyi mtu shujaa.

Tazameni anapotoka hapo. Anakwenda kwa Charley, yule jirani, kukopa kama kawaida yake. Charley amekuwa akimpa dola 50 kila wiki, naye anazipeleka nyumbani akijifanya ni mshahara. Charley anamwambia: njoo ufanye kazi kwangu, 50 kwa wiki. Hakuna kusafiri. Mlango uko wazi kabisa. Willy anakataa. Atachukua mkopo wa Charley, kazi ya Charley hataki. Charley anakasirika, anamuuliza ana wivu gani, na Willy hawezi hata kueleza. Anajua tu kwamba hawezi kumfanyia Charley kazi.

Bin Kibokoni, hapo ndipo huruma inapogeuka kitu kingine. Howard hakumwachia nafasi ya kuchagua. Kwa Charley alichagua, na alichochagua kilimuua.

Bin_Kibokoni

Mwalimu, hicho wakiita heshima, kwetu chaitwa kiburi cha maskini. Ajikuna asipojipata.

MwalimuWaTudor

Na Oedipus je? Mkewe anamsihi aache kuchimba, anakataa. Mchungaji anamwambia asiulize zaidi, anakataa. Mfalme akikataa tunasema ana moyo mkuu, Willy akikataa tunasema ana kiburi. Hapo ndipo nasaba inaporudi kwa mlango wa uani, ingawa umesema hoja yako si ya nasaba.

HamaliWaMarikiti

Aiii! Bin Kibokoni, simama uhesabiwe.

KijanaWaLikoni

Niongeze kitu ambacho hamjakitaja. Sisi tumezoeshwa kumcheka mtu wa kawaida. Tazameni tulivyokua. Vitimbi, Vioja Mahakamani, vile vichekesho vya runinga ya Kenya. Mzee Ojwang', marehemu Benson Wanjau aliyetutoka 2015, alikuwa baba wa nyumba anayedanganya mkewe, anayekopa, anayejifanya mkubwa mbele ya wageni. Vioja nayo: mtu wa mtaani anasimama kizimbani na kesi yake ya kuku au ya deni, anajieleza kwa Kiswahili kilichovunjika, na sisi tunacheka mpaka machozi. Nilivipenda vipindi hivyo na bado navipenda. Lakini ukikaa ukafikiri, kesi ya kuku kwa mwenye kuku haichekeshi.

Kwa hiyo mtunzi anapotuletea mzee anayejigamba uongo, anayekopa kwa jirani, anayegombana na friji lake (Willy ana friji la mkopo linaloharibika kabla hajamaliza kulilipa), sisi mdomo unaanza kucheka wenyewe. Aristotle naye, kama sikosei Mwalimu, ndiye aliyewapa vichekesho watu wa hali ya chini na tanzia wakubwa. Miller amechukua mtu wa Vitimbi akamkatalia kicheko. Hilo peke yake ni kazi kubwa.

MwalimuWaTudor

Umesema sawa kuhusu Aristotle. Na hilo la friji sitalisahau.

MwanaChuo

Samahanini nyote, mimi nina neno moja. Mwamwita shujaa mtu aliyejiua. Kuiua nafsi ni haramu, na hapa ameiua kwa ajili ya pesa za bima. Mwawafundisha nini vijana?

Mama_Zuhura

Ustadh, hapana mtu hapa anayesema aigwe. Macbeth wa Shakespeare alimuua mgeni wake usingizini, tena mfalme wake, na Samuel Mushi akatutafsiria kwa Kiswahili tangu 1968 ili watoto wasome shuleni. Mtoto gani aliyetoka darasani akaenda kumuua mgeni? Tanzia yataka tuogope na tuhurumie. Ukimwogopea Willy, somo lako limefika.

Lakini mimi nina ugomvi na nyinyi wanaume wote. Mwaandika "mtu wa kawaida" na kila mmoja wenu ana picha ya mwanamume kichwani. Linda mmemtaja mara ngapi? Bin Kibokoni amemtaja mazikoni tu, "mkewe", hata jina hakumpa.

Linda ndiye aliyegundua mpira wa gesi ambao Willy ameuficha karibu na mtambo wa maji moto, ajiue nao. Kila siku auondoa. Willy akirudi kutoka kazini, Linda aurudisha pale pale alipoukuta. Kwa nini? Kwa sababu akiuondoa moja kwa moja, mumewe atajua kwamba amejulikana, atavunjika. Someni tena hapo. Mwanamke ajua mumewe ataka kufa, na ajua njia, na bado amlinda asiaibike. Mimi nimeolewa miaka mingi, naijua hesabu hiyo: kila siku wapima kipi kitamuua mapema, mauti au fedheha.

Linda ndiye ajuaye zile 50 zatoka kwa Charley. Ndiye awaambiaye wanawe kwamba baba yao si mtu mkubwa, jina lake halijatoka gazetini, lakini ni binadamu na lazima aangaliwe. Na mwisho, mbele ya kaburi, asema amelipa leo malipo ya mwisho ya nyumba, na nyumbani hapana mtu. Mwasema shujaa wa tanzia ni yule anayekuja kujua ukweli? Basi nyumba ile aliyejua tangu mwanzo ni mmoja.

Na kama mwataka mfano wa karibu, Alamin Mazrui, mwana wa Mombasa hii, alitupa Lanina katika Kilio cha Haki (1981): mwanamke kibarua kwenye shamba la mzungu, awaongoza wenzake kwenye mgomo. Si malkia, si binti wa mtu. Lakini mkiulizwa mwaenda kumtafuta Willy huko Brooklyn.

HamaliWaMarikiti

Mama Zuhura ameingia, baraza limenyamaza.

Bin_Kibokoni

Sikunyamaza, nilikuwa naswali.

Mama, Lanina nakupa, kwa sababu amesimama na watu. Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Mwangalieni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, 1969. Huyo naye ni mtu wa kawaida, wa Ngarambe, hana kiti cha ufalme. Yuwatoka mtoni na maji, yuwawaambia watu yatazuia risasi za Mjerumani, makabila yaliyokuwa yakipigana yashikana. Kisha yeye mwenyewe aanza kulitilia shaka neno lake, na watu hawataki tena kumsikiliza, washalishika. Vita vya 1905 vyamkuta. Mwisho yumo gerezani, Mjerumani ataka aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akisema hivyo, labda atapona. Hasemi. Kwa sababu kesho watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana.

Hicho ndicho kipimo changu. Mtu wa kawaida akipandishwa na haja ya watu, awa shujaa. Kinjeketile akifa, neno labaki kwa umma mzima. Willy akifa yabaki dola 20,000, na hata hizo hatuambiwi kama zililipwa.

MwalimuWaTudor

Hapo Bin Kibokoni umenena, na Kinjeketile ndiye mfano bora kuliko wote kwenye uzi huu. Ana uamuzi, ana kujua, ana gharama. Lakini ukifuata kipimo chako, tanzia itakuwa ya viongozi tu, waliopanda na waliorithi. Na sisi wengine?

KijanaWaLikoni

Mimi nina shida na Mwalimu pia. Umesema shujaa ni yule aliyechagua. Haya, mchukue Woyzeck wa Georg Büchner. Mjerumani huyo alifariki 1837 akiwa na miaka 23, akaacha mchezo vipande vipande, na haukuchezwa hadi 1913 huko Munich. Woyzeck ni askari wa cheo cha chini kabisa. Anamnyoa kapteni wake ndevu apate senti. Daktari anamlipa ale njegere peke yake, amfanyie majaribio. Kapteni anamwambia hana maadili, naye anajibu kwamba maskini hana nafasi ya kuwa mwema. Angekuwa bwana mwenye kofia na saa, angekuwa mwema pia. Mama wa mtoto wake anamwendea mwanamume mwingine, na Woyzeck, ambaye kichwa kimeshaanza kusikia sauti, anamuua.

Charley wake yuko wapi? Nani aliyempa mlango akaukataa? Ukisema tanzia ni uchaguzi, maana yake maskini wa mwisho kabisa, ambaye kila mlango umefungwa, hana haki hata ya tanzia. Mfalme anachagua, mtu wa mshahara anachagua kidogo, kibarua hachagui. Mmepanga foleni upya, ila mmeiongeza mtu mmoja.

MwalimuWaTudor

Nimelisoma hili mara kadhaa kabla ya kujibu.

Kwa Woyzeck nasema hivi: ni tamthilia kubwa, kubwa kuliko ya Miller pengine, lakini mimi nikiisoma hasira yangu inawaendea daktari na kapteni. Nikimsoma Willy, hasira yangu haina pa kwenda. Nikimlaumu Howard, namkumbuka Charley. Nikimlaumu Willy, naikumbuka nchi iliyomwambia tangu utotoni kwamba mtu akipendwa atafanikiwa. Nikimlaumu aliyemwambia, naona Willy ndiye aliyewaambia wanawe vile vile. Tanzia kwangu ni pale lawama inapozunguka isipate pa kutua. Pale inapotua barabara kwa mtu mmoja au ofisi moja, mchezo unakuwa mashtaka. Mashtaka ni kazi ya heshima, na Woyzeck anastahili mashtaka kuliko machozi.

KijanaWaLikoni

Sawa, lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa na mshahara. Hilo nimelisema kwa upendo.

MwalimuWaTudor

Mshahara wa mwalimu? Upendo nimeuona.

Mama_Zuhura

Turudi kwenye lile la kujua, maana hamkunijibu, mlikimbilia Ujerumani.

Bin_Kibokoni

Mama, nakujibu mimi. Hapo ndipo Willy anaponishinda kumkubali. Oedipus akijua, ajitoboa macho. Kinjeketile akijua, afunga mdomo. Willy ajua nini? Usiku wa mwisho Biff, yule mwana mkubwa, amwambia mbele ya wote: mimi si kitu, baba, na wewe pia ni mtu wa bei ya chini kama walivyo wengi, niachie niende. Kisha yule kijana aangua kilio akimshika babake. Babake aona nini? Aona kwamba mwanawe ampenda. Ni kweli, ampenda! Lakini ukweli huo autia wapi? Aona kijana kama huyu akipata dola 20,000 atakuwa mtu mkubwa. Achukua gari.

Aliambiwa ukweli wote, akachukua nusu. Aliyejua ni Biff. Mkitaka shujaa nyumbani mle, ni Biff, naye hakufa.

Mama_Zuhura

Biff alijua jioni ile. Linda alijua miaka. Haya endelea.

MwalimuWaTudor

Bin Kibokoni, hilo ndilo pingamizi zito kuliko lile la kisima, nami silikwepi. Ila litazame kwa upande huu. Katika michezo ya kale ukweli huja na shujaa huuelewa, hata kama umechelewa. Huku ukweli umekuja wakati wake, umekumbatiwa, na mtu akautumia vibaya kwa sababu lugha pekee aliyonayo ya kusema "nakupenda" ni pesa. Maisha yake yote amehesabiwa kwa mauzo. Mwanawe akimpa kitu kisichouzwa, anatafuta bei yake, na bei pekee anayoijua ni ya bima. Kwangu hilo linatisha kuliko kujitoboa macho. Oedipus angalau aliona kabla ya kujipofusha.

Na kuhusu mji usiofunga kisima: mtaani kwangu palikuwa na karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Kazi ilipokwisha aliendelea kutoka kila asubuhi, shati limepigwa pasi, bahasha kwapani, akienda kukaa mahali mpaka magharibi. Sote tulijua. Tulimwamkia, tukamuuliza habari za kazi, akajibu nzuri. Mtaa mzima tulikuwa tukiurudisha ule mpira wa Linda mahali pake. Kwa hiyo usiniambie mji hauna habari na anguko la mtu wa mshahara. Unashiriki, tena kwa adabu kubwa.

Bin_Kibokoni

Hapo Mwalimu umenikamata kwenye kanzu. Lakini bado nasema kujua kwake ni nusu, na shujaa wa nusu kujua ni shujaa nusu. Sishuki hapo.

MwanaChuo

Huyo karani sasa yuko wapi?

MwalimuWaTudor

Anauza vipuri vya tuktuk na shemeji yake. Ana afya.

HamaliWaMarikiti

Jamani, mimi sikuwa nimeisoma. Mmenitia hamu, nikaitafuta, nikaisoma yote kwenye simu. Pale kwa Charley nilisimama nikapiga kelele peke yangu. Dola 50 kwa wiki, kazi ya kivulini, bosi ni rafiki yako! Mimi ningeichukua kabla hajamaliza sentensi.

Mama_Zuhura

Ndiyo maana hapana mtu atakayekuandikia tamthilia.

HamaliWaMarikiti

Alhamdulillahi.